Hatua Kumi za Mwisho

Nyumba yangu ya hapa Makanyagio niliijenga mwaka 1989 kwa matofali ya kuchoma, na kwa kuwa siku zile matofali yalipatikana kwa urahisi kuliko saruji, kuta zake zilitoka nene kuliko ilivyohitajika. Mwaka 1998 nikaongeza banda la vyumba vitatu uani. Nilipostaafu ualimu mwaka 2011, chumba kimoja cha banda hilo nilikigeuza kuwa chumba cha kusomea. Kina meza mbili, mabenchi manne, rafu ya vitabu nilivyovikusanya maisha yangu yote, na kompyuta moja ambayo nayo imekwisha zeeka. Jioni huja watoto wa mtaani, mara sita, mara kumi, hasa wale wa kidato cha nne ambao kwao hakuna taa ya kutosha wala utulivu.

Intaneti ilipoingia nyumbani, ruta iliwekwa sebuleni, dirishani, kwa sababu hapo ndipo mawimbi ya mnara yanapofika vizuri. Sebuleni mambo yalikuwa mazuri. Jikoni yalikuwa ya kubahatisha. Uani hapakuwa na kitu. Kutoka mlango wa nyuma hadi chumba cha kusomea ni hatua kumi. Nimezihesabu mimi mwenyewe. Lakini mawimbi, yakisha kupenya kuta tatu nene, hayakuwa na nguvu ya kuzitembea hatua hizo kumi.

Usiku mmoja nilitoka nje kufunga geti nikamkuta binti mmoja wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha nne, amesimama kwenye umande nje ya dirisha la sebule, simu mkononi, daftari limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa kushtuka. "Nilikuwa napakua mtihani wa zamani wa Kemia. Kule ndani haufunguki."

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia aingie ndani. Hakuingia, aliona haya kukaa katika sebule ya mzee. Nami nililala na picha hiyo. Nimewahi kuwaona watoto wakisomea dirishani. Ilikuwa ni katika miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya 1977, madarasa yalipojaa hata wengine wakawa wanachungulia somo kutoka nje. Wakati ule nilijiambia kwamba siku moja jambo hilo litakwisha. Kumbe lilikuwa limenifuata hadi nyumbani kwangu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuutafakari upya mkasa huu wa hatua kumi. Nathubutu kusema kwamba historia yote ya mawasiliano katika upande huu wa magharibi ya nchi yetu ni historia ya safari ndefu zilizofanikiwa, na hatua chache za mwisho ambazo hakuna aliyezifikiria.

Tuanze na simu ya waya. Cecil Rhodes alikuwa na ndoto ya kuvuta waya wa telegrafu kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kuzungumza na Mfalme Wilhelm wa Pili, akapewa ruhusa ya kupitisha waya wake katika koloni la Wajerumani. Waya ukatoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ukapita Kasanga ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ukapanda kaskazini kupitia nchi ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20. Haukuendelea zaidi ya hapo. Hebu fikiri: habari za bei ya dhahabu na za vita vya Makaburu zilipita juu ya vichwa vya babu zetu, mbio kuliko mshale, nao wakaona waya tu. Waya ule haukuwa na mlango wa kuingilia kwao. Umbali wa maelfu ya kilomita ulishindwa. Umbali kati ya nguzo na mtu aliyesimama chini yake haukushindwa.

Kisha ikaja reli. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950, na halikujengwa kwa ajili ya abiria bali kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wakaitumia kwa jambo ambalo hawakujengewa: kusafirisha mahindi, kwenda shule, kwenda kuoa, kurudi kuzika. Naomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo, kwamba njia iliyojengwa kwa mzigo mmoja yaweza kubeba mzigo mwingine, maana ndiyo kiini cha makala haya.

Halafu ikaja redio. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya mimi kutoka chuo cha ualimu, Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 masomo yalitangazwa na redio, na vikundi vya wanavijiji, karibu watu milioni 2 nchi nzima, vilikutana kusikiliza, kujadili na kisha kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Niliongoza kikundi kimoja katika kijiji cha wilaya hii ya Mpanda. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikafika kijijini kwetu bila kuchoka. Kilichotushinda ni betri. Zilipokwisha, nilipanda baiskeli kufuata nyingine dukani, na siku zilipokosekana nilisimama mbele ya kikundi nikasoma kitabu kwa sauti, nikijifanya redio. Hatua za mwisho zilikuwa zangu, na nilizitembea.

Ama umeme, huo ulichelewa kutuzoea. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908. Mpanda kwa miaka mingi tuliishi kwa majenereta ya dizeli, mbali na Gridi ya Taifa, na njia kubwa ya kilovolti 132 ya kutuunganisha na Tabora ni kazi ya miaka hii ya 2020. Kwa hiyo umeme tuliufundisha darasani kabla hatujauona majumbani, nami nilifundisha kama nilivyofundishwa: waya wa umeme ni wa umeme, waya wa simu ni wa simu, na mwenye akili timamu havichanganyi. Maneno hayo niliyaandika ubaoni kwa zaidi ya miaka 30.

Mjukuu wangu, ambaye anasomea ufundi wa elektroniki, ndiye aliyeniondolea elimu hiyo. Alikuja likizo, nikamweleza habari ya binti wa dirishani.

"Babu," akasema, "hadi kule bandani si kuna waya tayari?"

"Waya gani?"

"Wa umeme. Tuutumie huo huo."

Nilimwambia kwa upole kwamba hilo haliwezekani. Naye, kwa upole zaidi, akaniambia kwamba limewezekana kabla mimi sijazaliwa.

Nilipochunguza nilikuta kijana ana haki. Afisa wa jeshi la Marekani, George Owen Squier, alionyesha kwenye mwaka 1911 kwamba waya mmoja waweza kubeba mazungumzo mengi kwa wakati mmoja, kila moja likipanda wimbi lake. Mwaka 1922 ikaanzishwa biashara ya kupeleka muziki majumbani kupitia nyaya za umeme kwa ufundi wake. Na baadaye, mwaka 1934, ndipo likazaliwa jina la Muzak, muziki ule wa chinichini unaosikika mahotelini. Makampuni ya umeme nayo yalijifunza mapema kuzungumza kati ya kituo na kituo kwa kutumia nyaya zao kubwa zenyewe. Mwaka 1975 wahandisi wa Glenrothes, Uskochi, walibuni mfumo wa X10 wa kuwasha na kuzima taa kwa ishara zilizopita ndani ya waya wa nyumba. Haya yote yalikuwepo, nami nikiandika ubaoni kwamba hayapo.

Na mfano wa karibu zaidi ulikuwa katika mtaa wangu. Zipo mita za LUKU ambazo mita yenyewe iko juu ya nguzo nje, na mwenye nyumba ana kidude cha kubonyezea namba, ambacho watu hukiita rimoti, anakichomeka kwenye soketi ndani. Baadhi ya vidude hivyo huzungumza na mita kwa njia ya waya wa umeme wenyewe. Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja wote wa LUKU nchini walitakiwa kuhuisha mita zao. Ukinunua umeme ulipewa mafungu matatu ya namba, kila moja la tarakimu 20, uyaingize kwa mfuatano. Nilikwenda kwa wazee wenzangu kadhaa ambao macho yao hayaoni vizuri, nikawabonyezea namba hizo. Nilikuwa napeleka ujumbe ndani ya waya wa umeme kwa mikono yangu mwenyewe, bila kujua ninachokifanya.

Mambo yenyewe hufanyikaje? Nitaeleza kama ninavyowaeleza watoto. Umeme wa nyumbani hugeuka mara 50 kwa kila sekunde. Mfikirie kama ngoma kubwa inayopigwa polepole. Sasa mchezaji avae njuga miguuni. Ngoma inalia, njuga zinalia, hewa ni moja, na sikio halikosei: hii ngoma, hizi njuga. Kifaa hiki, ambacho mafundi hukiita adapta ya paulaini, ndicho kinachovaa njuga. Huzitikisa mamilioni ya mara kwa sekunde, kati ya milioni 2 na milioni 28 hivi katika aina iliyoenea. Adapta moja huchomekwa kwenye soketi karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa kamba fupi. Ya pili huchomekwa chumba cha mbali. Ya kwanza inatikisa, ya pili inasikiliza, na ngoma kubwa haijali. Wala hazitumii wimbi moja tu: huugawa ujumbe katika mamia ya vijia vyembamba, na kijia kikichafuka huhamia kingine, kama mwendesha baiskeli anavyokwepa mashimo.

Makampuni yanayotengeneza vifaa hivi yaliungana mwaka 2000 katika umoja wa HomePlug. Kanuni zao za kwanza, za mwaka 2001, zilikuwa za megabiti 14 kwa sekunde. Za mwaka 2005 zikadai 200. Nimesema zikadai, maana namba iliyoandikwa juu ya boksi ni kama alama za mtihani wa majaribio: hupatikana katika hali isiyokuwapo nyumbani kwa mtu.

Wapo waliotamani makubwa zaidi. Mwaka 1997, Manchester nchini Uingereza, kampuni ya umeme ya NORWEB pamoja na Nortel zilitangaza kwamba zitaifikisha intaneti majumbani kwa nyaya za umeme za mitaani. Mwaka 1999 mpango ukaachwa. Pamoja na sababu za kibiashara kulikuwa na lawama moja iliyovuma sana: nguzo za taa za barabarani ziligeuka kuwa antena, zikawa zinatapika ujumbe hewani na kuvuruga redio za watu. Basi waya wa umeme haukufaa kwa safari ndefu. Kwa safari ndefu dunia ilichagua nyuzi za kioo. Hata hapa kwetu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009 umetumia pia nyuzi zilizofichwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara ya umeme. Lakini hao ni wapangaji wawili wa nguzo moja, si wa waya mmoja. Pale waya wa umeme ulipofaulu ni ndani ya nyumba, katika zile hatua za mwisho, ambako ulikuwa tayari umefika na hakuna aliyeutazama.

Tulizipima njia nyingine kwanza, ili nisije nikaonekana nimevutwa na ugeni wa jambo. Kuvuta kamba ya intaneti uani kungefaa, lakini kwetu kuna mbuzi, kuna majembe, na kuna radi za mwezi wa Machi. Kuweka kifaa cha kurudia mawimbi katikati kulimaanisha kukipa mawimbi hafifu kikarudie uhafifu. Mjukuu akaagiza adapta mbili kutoka Dar es Salaam, zenye plagi ya miguu mitatu kama soketi zetu, zikafika kwa basi.

Zilishindwa.

Taa ya kuonyesha kwamba zimeonana iliwaka nyekundu, ikazimika. Kosa la kwanza lilikuwa dogo: tulikuwa tumeichomeka ile ya sebuleni kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, nyuma ya kifaa cha kulinda friji. Vifaa hivyo vimetengenezwa kuzima kila mtikisiko usio wa kawaida, navyo huona njuga kama uchafu. Tukaichomeka moja kwa moja ukutani. Taa ikawaka, lakini bado kwa kusuasua. Bandani tulipata megabiti 2, kisha sifuri, kisha 1. Tukachomoa chaja moja ya bei rahisi iliyokuwa ikipiga kelele ndani ya waya. Tukapata 3.

Mjukuu akanitazama. "Babu, huu waya wa kwenda bandani nani aliufunga?"

Nilinyamaza kidogo. Mwaka 1998 mshahara wa mwalimu mkuu ulikuwa kama ulivyokuwa, nami nilikuwa na watoto watatu sekondari. Sikumwita fundi mwenye leseni. Nilinunua waya mwembamba kuliko alioniambia muuza duka, nikamtafuta kijana wa mtaani, nikamshikia ngazi. Kwa miaka yote taa ziliwaka, na mimi nikajihesabu kuwa nimeokoa fedha.

Tuliita fundi umeme. Alipanda darini na tochi, akakaa huko muda mrefu, kisha akaniita nipande ngazi nione. Juu ya chumba cha kusomea, nyaya zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa tu na kufungwa kwa utepe. Utepe ulikuwa umeyeyuka. Ubao uliokuwa karibu ulikuwa mweusi kama kijinga cha jana, upana wa kiganja.

"Mzee, hapa Mungu kakulindia," alisema.

Nilishuka ngazi kwa taabu kuliko nilivyopanda. Chini ya ubao ule watoto wa watu wamekaa jioni ngapi? Wazazi wao walinikabidhi kwa sababu mimi ni Mwalimu. Sikuwa nimewauliza ukuta wala dari. Niliuliza vitabu na taa tu. Kiungo kile kilichokuwa kikipitisha umeme wa taa bila kulalamika, kilishindwa kupitisha ujumbe, kwa sababu ujumbe ni mwepesi na kila ulegevu huuumiza. Laiti tusingejaribu kuupeleka ujumbe, tungelipashwa habari na moto.

Waya wote wa banda ulibadilishwa, ukawekwa wa unene unaotakiwa, pamoja na waya wa ardhini ambao awali haukuwapo, na breka yake peke yake. Gharama yake iliuzidi mno ule uokozi wangu wa mwaka 1998. Nililipa kwa awamu mbili na wala sikununa. Baada ya hapo tuliwasha adapta. Taa ikawa ya kijani. Ruta sebuleni ilikuwa inapokea megabiti 20; bandani zilifika 16.

Kabla hajarudi chuoni, mjukuu alinifundisha mambo mawili ambayo nayaandika kwa faida ya wengine. La kwanza, adapta zina kitufe cha kuzifunga kwa siri yao ya pamoja. Kibonyezwe, maana jirani mwenye adapta kama hizo kwenye transfoma hiyo hiyo anaweza akakusikia. La pili, mvua ikinguruma, zichomolewe. Na mimi naongeza la tatu, la mwenye mvi: kabla ya kununua adapta, mlete fundi aukague waya.

Sitaki kukuza jambo kupita kipimo. Umeme ukikatika, ujumbe nao hukatika, kwani njia ni moja. Jioni za namna hiyo tunawasha taa ya sola na kurudi kwenye karatasi. Na kwa kuwa sasa tunapakua vitabu vya Taasisi ya Elimu na mitihani ya zamani mchana na kuichapa, karatasi hatukosi. Vilevile mtoto asiyetaka kusoma hafunguliwi na megabiti 16. Hizo hatua za mwisho kabisa, za kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi ndani ya fahamu, bado hakuna waya unaozitembea. Zinahitaji mtu akae pembeni, aulize, asubiri.

Binti yule wa jirani hasimami tena dirishani. Hukaa benchi la pili, upande wa rafu. Juzi alinyoosha mkono, kama tuko darasani, akauliza kwa nini umeme na ujumbe vikipita pamoja havigombani. Nilimweleza habari ya ngoma na njuga. Alifikiri, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, vitabu vya shule havisemi hivyo."

Nikamwambia nami pia nilikuwa sisemi hivyo. Kisha nikachukua chaki, nikaenda ubaoni, nikaanza upya.